Sanduku la Umri wa Mtoto

Mwezi huu nimeiacha meza yangu. Macho ndiyo yaliyonitoa. La kushoto limeingia ukungu, la kulia limechoka kufanya kazi ya mawili, na mtu anayewajazia watu ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka, hafai kuona sifuri akaiandika nane. Nyinyi makarani mnaobaki pale Bondeni mmeniomba niwaandikie kazi hii niliifanya vipi. Nitaandika. Msitarajie kusoma nilipandishwa cheo lini, kwa sababu meza ilikuwa moja na nilikaa upande uleule mpaka mwisho.

Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Kaloleni. Karo ilikuwa shida, lakini nisimsingizie baba: hata ingepatikana, miguu yangu ilikuwa haitulii. Nilibeba magunia Shimanzi, nikauza tiketi za mabasi ya bara Mwembe Tayari, nikapika chapati katika mkahawa ambao mwenyewe alikuwa hali chakula chake. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishajua gunia la kahawa linapitia mikono mingapi kabla ya kufika melini, hamu iliniisha, nikaondoka.

Kazi ya ritani niliingia kwa kuuliza. Nilipita nje ya saiba ya Bi Zuhura, duka lake la kompyuta za mtandao, siku moja ya Juni, mwezi wa mwisho wa kupeleka ritani, nikaona watu wamejipanga mpaka kwenye duka la vitambaa la jirani, wazee kwa vijana, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Nikasimama nijue wanangoja nini. Nilimuuliza wa kwanza, nikamuuliza wa pili, nikaingia ndani nikamuuliza mwenyewe. Kwa nini mtu asiye na kazi ajaze ritani kuiambia serikali kuwa hana kazi? Serikali haijui? Bi Zuhura alikuwa mama mnene wa makamo, buibui lake limepauka mikononi kwa kusugua meza. Alikuwa ameshika kazi ya karani miaka mingi katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, na baada ya afisi hiyo kufungwa alinunua kompyuta mbili. Aliniambia bila kuinua macho kuwa maswali yangu yanakula hewa ya feni, kwa hivyo ama niketi nifanye kazi ama nitoke. Nikaketi. Sijui kama alitarajia hivyo.

Siku ile ya kwanza sikugusa mashine. Nilishika mlango, nikawauliza watu paswadi zao za kuingilia mtandao wa kodi. Watatu kati ya wanne hawakuzijua, na anwani zao za barua pepe zilifunguliwa na kijana wa saiba nyingine aliyekwenda Saudia. Hiyo ndiyo nusu ya kazi yenu, na hakuna anayeifundisha: kumtafuta kijana aliyekwenda Saudia.

Bi Zuhura alinifundisha mashine kwa wiki moja na salamu kwa mwaka mzima. Akishaketi mteja, hakumuuliza pini, ile nambari yake ya kodi, wala mshahara. Alianza na sabalkheri, halafu hali yake, hali ya nyumbani, mama, watoto, yule dada wa Kisauni, mguu wa mzee umepoa? Mimi niliona tunapoteza wakati na foleni imefika barabarani. Siku moja alinifafanulia. Katika salamu, alisema, mtu hukwambia nani kaoa, nani kazaa, nani kafa, nani kaachishwa kazi, na hayo yote ni kodi. Ukimuuliza kikarani, atakujibu kikarani. Ukimsalimu, atasema kweli.

Kwa miaka mingi nilimwamini, na bado namwamini, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolieleza.

Kwanza niwaambie kuhusu wafu, kwa maana hamtakaa pale muda mrefu kabla hawajawajia. Kwetu Kaloleni, bara kidogo tu ya hapa, maiti hulala mochari wiki nzima. Wakati watu wanachanga na kugombana, karatasi zinajiandika: hospitali inatoa yake, chifu yake, na siku ya kuzika kila kitu kipo kwenye bahasha. Hapa kisiwani si hivyo. Anayekufa asubuhi huzikwa adhuhuri, anayekufa adhuhuri huzikwa alasiri. Kumweka maiti ni kumtesa. Mtu akifia hospitali, kibali cha mazishi hutolewa hapohapo. Lakini akifia nyumbani, na hasa akiwa mtoto mdogo, mjomba hukimbilia makaburini, shangazi huchemsha maji, na baba humbeba mwanawe mikononi. Nani atakumbuka afisi ya chifu? Na baada ya hitima, nani atataka kwenda? Ndiyo sababu katika mtandao wa kodi mji wetu umejaa watu wanaodaiwa ritani na wenyewe wamo udongoni.

Niliwafuata wengi wao kwa jamaa zao. Mjane mmoja alikuwa amekaa eda, hawezi kutoka wala kuonana na mwanamume wa kando, na pini ya marehemu mumewe ilitakiwa kufungwa. Nikakaa barazani na kompyuta ya mkononi, ndugu yake akasimama mlangoni, nikawa namuuliza yeye, naye anamuuliza dadake, na jibu linarudi njia ileile. Nilipouliza kama marehemu alikuwa na mapato mengine, sauti ikatoka ndani ikasema wazi kabisa, bila kumpitia ndugu: "Mwulize mke wa pili." Tulicheka sote watatu, kila mtu upande wake wa ukuta.

Sasa Athman.

Athman alikuwa dereva wa foklifti, kigari cha kuinulia mizigo, katika godauni moja Shimanzi, mtu wa maneno machache, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Alipopata mtoto wake wa kwanza, Rukia, muuza bima alimfuata godauni akamuuzia bima ya afya ya mtoto. Wanaolipa bima ya namna hiyo hupunguziwa kodi kidogo, kwa hivyo kila Juni alikuja kwangu na karatasi ya kampuni. Mnajua ukurasa ule. Unajaza nambari ya bima, kiasi kilicholipwa, kisha kuna sanduku linalouliza umri wa mtoto. Haliulizi jina. Mwaka wa kwanza nikaandika mbili.

Mwaka uliofuata sikuwapo. Miguu ilikuwa imeniwasha tena, nikaenda Tanga kuona mkonge unavyosokotwa kamba, nikakaa huko mwaka na zaidi. Niliporudi Bi Zuhura alinionyesha kiti changu kwa kidevu, kama kwamba nilikwenda chooni. Athman akaja Juni. Nikamsalimu kama nilivyofunzwa.

"Rukia hajambo?"

"Hajambo."

"Miaka minne sasa?"

"Minne."

Nikaandika nne. Mwaka mwingine tano, halafu sita. Kila mara nilimuuliza hali ya Rukia na kila mara alinijibu, na jibu lake lilikuwa la kweli.

Mwaka uliofuata, wa kuandika saba, alikuja na mtoto. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa amekwenda kupika kwenye arusi, na mtoto hakuwa na wa kumshika. Alikuwa kitoto chembamba, nywele zimesukwa kwa utepe wa kijani. Bi Zuhura akamketisha juu ya meza akampa biskuti. Mimi nilikuwa nimefika kwenye sanduku la umri. Nikamwona, nikaona saba niliyokwisha kuiandika, nikamtazama tena. Nikamuuliza jina. Rukia. Nikamuuliza ana miaka mingapi, akaiweka biskuti mdomoni ili apate mkono, akanyoosha vidole vitatu.

Athman alitazama sakafu. Aliwapisha watu wawili waliokuwa nyuma yake wahudumiwe. Kisha akatueleza kwa sauti ndogo. Rukia wa kwanza alifariki nyumbani kwa homa, akiwa na miaka mitatu, mwaka ule nilipokuwa Tanga. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri. Mwaka uliofuata Mwanaidi alizaa mtoto mwingine wa kike, nyumbani, kwa mkunga wa mtaa. Wakampa jina la nduguye, kama watu wengi wafanyavyo hapa, jina lisife na aliyekuwa nalo. Jina likawa ni lilelile, baba ni yuleyule, nyumba ni ileile. Cheti cha kuzaliwa kilikuwapo kabatini, kadi ya bima ilikuwapo. Wakaendelea. Hakuna aliyekwenda afisi yoyote kusema kuwa mmoja amekufa, wala kuwa mmoja amezaliwa.

Bi Zuhura aliushika mkono wa mtoto uliojaa makombo. "Athman, mwanangu. Kwa serikali mtoto huyu hayuko."

"Yuko, mama. Si huyo ala biskuti?"

"Yuko kwako. Kule yuko nduguye tu, na anakua."

Nilimwambia nisingeweza kuiacha ile saba, na alikubali bila ubishi. Ritani ile tuliipeleka bila nafuu ya bima, na miaka ya nyuma tukaisahihisha, naye akalipa kidogokidogo alichopunguziwa. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kadi. Nilimweleza kuwa siku mtoto huyu akiugua, kadi ile itamkana. Dawa ilikuwa ni moja: kwanza kumwandikisha marehemu kuwa ni marehemu, ndipo huyu aandikishwe kuwa amezaliwa, halafu apate bima yake mwenyewe. Ni safari ndefu lakini inatembeleka. Barua ya imamu, mama aliyemwosha mtoto, mzee wa mtaa, chifu, kisha msajili. Na mtu aliyekuwapo wakati wa kufa atie sahihi. Aliyekuwapo alikuwa Mwanaidi, peke yake.

Nilikwenda kwao, hapo hapo Bondeni, nyuma ya msikiti. Athman aliniketisha sebuleni, Mwanaidi akakaa chumbani nyuma ya pazia, kahawa na kaimati vikaletwa. Mtoto alikuwa akipita chini ya pazia, mara kwa mama, mara kwangu, akinionyesha kiatu kimoja. Nilieleza yote kwa adabu niliyoweza. Nilisema ni karatasi tu. Sijawahi tena kumwambia mtu kuwa ni karatasi tu.

"Kaka Karisa," akasema Mwanaidi nyuma ya pazia, "nilikaa mwaka mzima naita jina lile na hapana mtu. Kisha Mungu akanipa, nikaita, nikaitikiwa. Leo wataka niende mbele ya chifu niseme Rukia Athman amekufa, na huyu amesimama hapa anasikia?"

Nikasema mtoto si lazima aende.

"Jina laenda," akasema. "Ukishaliandika limekufa, laja kumtafuta nani?"

Athman alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari. Nilirudi mara ya pili baada ya mfungo, nikaambiwa kwa upole kuwa watafikiri. Bi Zuhura akaenda mwenyewe, akakaa na Mwanaidi jikoni asubuhi nzima, akarudi akasema mama yule amekwisha kulainika, tumwache apumue kidogo. Tukamwacha apumue. Athman aliendelea kuilipia ile bima, kwa sababu kuiacha kabla ya kupata nyingine aliona ni kumvua mtoto nguo.

Mtoto aliugua wakati wa kaskazi, mwaka mpya umeshaanza na joto la kisiwa likiwa juu. Kifua. Athman alimpeleka hospitali ya kulipia, ile kadi mfukoni, akitumaini labda hawataangalia. Msichana wa mapokezi aliifungua kwenye mashine, akamtazama mtoto, akauliza kwa heshima kama ndiye huyu wa miaka minane. Akaomba cheti cha kuzaliwa. Athman akakitoa, na cheti nacho kikasema minane. Akaambiwa aweke amana ama aende kwingine. Hakuwa na amana. Nimemsikia mtu akimlaumu yule msichana, nami simlaumu. Swali lake la umri lilikuwa langu.

Akaenda hospitali ya umma. Walimpokea, wakamlaza, wakamtundikia dripu. Alikufa kesho yake asubuhi.

Nami nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma na kofia ya kuazima. Athman alishuka kaburini mwenyewe. Kaburi la nduguye lilikuwa pembeni, nikalijua kwa sababu Athman aliwaonyesha wachimbaji wasilikanyage. Halina jiwe wala maandishi. Wengi wao hawaandiki. Vilima viwili vidogo.

Safari hii karatasi zilijiandika, kwa kuwa alifia hospitali. Na zilijiandika kwa vyeti vilevile, alivyovitoa babake tena hospitali ya umma. Rukia Athman, mwenye tarehe ya kuzaliwa ya yule wa kwanza, amefariki akiwa na miaka minane. Cheti cha kifo kilipotoka, Athman alikileta saibani tukitie plastiki. Mwanaidi alikuja naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso. Alikishika, akakisoma polepole, akakirudisha mezani.

"Huyu ni yupi?" akaniuliza.

Nikamwambia kuwa kwa karatasi ni wa kwanza.

"Na wangu wa juzi?"

Nikakichukua cheti nikakiingiza katika plastiki, Bi Zuhura naye akajitia kupanga sahani ya klipu. Baadaye nilimwambia Athman kuwa bado inawezekana: kumwandikisha wa pili kuzaliwa, kisha kufa, kwa kuchelewa. Tulikwenda pamoja. Afisa alitusikiliza vizuri, akatazama kwenye mashine yake, akasema Rukia Athman yupo na amekufa, kifo kimesajiliwa. Tulete ushahidi kuwa walikuwa wawili. Mkunga alikuwa amehamia Lamu kwa mwanawe. Athman aliuliza kama makaburi ni ushahidi. Afisa akauliza yameandikwa nini. Tulipotoka nje nilianza kumpangia safari ya Lamu, akaniwekea mkono begani akasema, "Basi, Bwana Karisa. Umetembea vya kutosha."

Basi hilo ndilo jambo ambalo salamu za Bi Zuhura hazikulifikia. Msiziache, lakini mkifika penye mtoto, msiulize kama hajambo. Ulizeni amezaliwa lini, wapi, na mikononi mwa nani, na mkiweza muombeni mwone uso wake. Mkisikia mtoto amepewa jina la nduguye, wekeni kalamu chini, muulizeni mzazi nduguye yuko wapi, na msikubali kuambiwa kesho. Mama akisema atafikiri, kaeni naye papo hapo anapofikiri. Watawaona wadaku. Mimi nimeitwa hivyo tangu Kaloleni na sijapungukiwa kitu.

Juni ikafika. Athman alikuja na shati lake la pasi, akakaa foleni kama wengine. Ritani ya Juni ni ya mwaka uliopita, nanyi mnajua. Mwaka ule uliopita mtoto wa pili aliuishi wote, Januari mpaka Desemba. Alikimbia, aliota meno ya mwisho, aliharibu viatu. Na bima ililipwa mwaka mzima. Nikamweleza, na nilijua analijua tayari, kuwa hatuwezi kumdai, yaani kuomba nafuu ya kodi kwa ajili yake. Bima ilikuwa ya yule ambaye mwaka ule alikuwa na miaka mingi udongoni. Mwenye kuishi hakuwa na bima, hana cheti, hakuandikwa popote. Aliyekufa tulimdai akiwa na miaka minne, mitano, sita. Aliyekuwa hai hatukumdai hata mwezi.

Akaitikia kwa kichwa. Nikajaza mshahara, nikajaza kodi iliyokatwa na mwajiri, nikapita ukurasa wa bima nikauacha mtupu. Nilipotaka kufunga akaniomba nirudi kwenye ukurasa ule.

"Pale penye umri," akasema. "Andika tatu."

"Haitapokelewa, Athman."

"Najua. Andika niione."

Nyuma yake kulikuwa na watu, na mmoja alikuwa amekwisha kuanza kulalamika juu ya feni. Nikaandika tatu. Ikakaa peke yake katika sanduku, kushoto kwake hakuna nambari ya bima, kulia kwake hakuna kitu. Athman aliinama mpaka karibu na kioo, mikono juu ya magoti, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Haya," akasema. "Futa."

Nikaifuta, nikatuma. Mashine ikajibu kuwa ritani imepokewa na haina kosa lolote.